Boga natia, ila sifichi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, ni sawa mzazi kumfichia mtoto mboga ndani ya keki ya chokoleti ili azile bila kujua?" Mimi naoka keki za oda hapa Lindi mjini, na msimu wa maboga ukifika natia boga kwenye karibu kila keki ya kakao. Jibu langu: mboga itiwe, tena ya kutosha, ila isifichwe.

Nianze na jikoni, maana wengi wanaotetea kuficha huzungumza kana kwamba boga linakuja kuiharibu keki na chokoleti ndiyo inayoiokoa. Sivyo kabisa. Boga lililoiva likapondwa lina maji na nyuzi laini zinazoyashika maji hayo, kwa hiyo keki haikauki upesi. Keki ya kakao ya kawaida ikilala siku mbili huanza kupukutika ukiikata. Ya boga, siku ya pili ndiyo inakolea. Tena boga lina utamu wake, unaweza kupunguza sukari na mlaji asione pengo. Uingereza, sukari ilipoanza kutolewa kwa mgao mwaka 1940 wakati wa vita, watu waligeukia karoti ili keki na pudini zipate utamu. Hakudanganywa mtu pale, kila mmoja alijua sukari ni ya kuhesabu.

Sasa boga lenyewe. Tafuta lililo kavu, lenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea. Muuzaji muungwana atakukatia kipande uone ndani. Usilichemshe kwenye maji mengi. Lipike kwa mvuke, liponde likiwa bado la moto, liache lipoe, kisha litie kwenye kitambaa safi ulikamue. Hatua hii ya kukamua usiiruke hata kama una haraka. Maji yakibaki, keki itaumuka vizuri machoni pako, halafu itabonyea katikati, na ukiikata unakuta chini tabaka zito lenye unyevu kama ugali ambao haujaiva.

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano vikombe viwili, kakao nusu kikombe, boga lililokamuliwa kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja kasoro robo, mafuta nusu kikombe, mayai mawili, mtindi nusu kikombe, beking pauda kijiko kimoja cha chai, magadi soda kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa. Magadi yanahitaji uchachu ili yafanye kazi, na hapo ndipo mtindi unapoingia. Kakao iwe ile ya unga mtupu, chungu, isiyotiwa sukari. Nchini kwetu kakao nyingi inatoka Kyela, na mimi hufurahi kila ninapopata ya hapa nyumbani. Ile ya kunywa iliyochanganywa na sukari na maziwa haifai, rangi inatoka hafifu na ladha ya chokoleti haisikiki.

Asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria nzito, mfuniko wa bati, makaa machache chini na mengi zaidi juu, kama mama zetu wanavyooka mkate wa kumimina. Chini yakizidi, keki inaungua kitako kabla ya kuiva katikati.

Bitiruti nayo inakubali kakao, kwa sababu ile harufu yake ya udongo inaelewana na uchungu wa kakao. Msitegemee tu rangi nyekundu, moto na magadi vinaigeuza kuwa ya kahawia. Majani ndiyo siyashauri. Mchicha kwenye keki unajitangaza wenyewe, kakao haiwezi kuufunika. Na kisamvu kibichi ni hatari, kina sumu ya sianidi inayotaka kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu. Asitokee mtu akakisaga kibichi na kukimimina kwenye unga eti mtoto apate mboga.

Narudi kwenye kuficha. Mtoto aliyelishwa boga bila kujua amejifunza kupenda keki. Boga hajalijua. Kesho ukimwekea sahani ya boga la nazi atalisukuma pembeni kama jana. Mtoto wa dada yangu hunisaidia kuponda. Safari moja alisimama na mwiko mkononi, akaniuliza, "Mama mdogo, hili ni la futari au la keki?" Nikamwambia nusu kwa nusu. Akalamba mwiko, akatulia kidogo, akasema la futari liongezewe tui. Mtoto anayesema hivyo ameshakuwa mtu wa boga, na hakuna aliyemtega.

Kuna jambo zito zaidi. Kusini huku korosho inaingia kila mahali: nzima, iliyokaangwa, iliyosagwa ikachanganywa na unga. Nami huitia, maana keki ya kakao yenye korosho ni tamu mno. Lakini wapo watu wenye mzio wa korosho au karanga, na kipande kidogo tu kinaweza kumvimbisha mtu midomo na kumbana pumzi. Ukijizoesha kuona kwamba mlaji hana haja ya kujua kilichomo, ipo siku utanyamazia kitu cha kumdhuru. Ndiyo maana kila keki inayotoka kwangu nasema kilichomo kabla sijapokea pesa, boga likiwemo.

Tena tusijidanganye kwa kiasi. Kikombe kimoja cha boga kwenye keki ya vipande 12 maana yake kila kipande hakipati hata vijiko viwili vya chakula. Rangi ile ya chungwa ni ya kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya keki yanasaidia kifyonzwe, hilo ni jema. Lakini mzazi anayemwachia mtoto keki mchana halafu jioni akampa wali mkavu kwa kuwa "mboga ameshakula" anamnyima mwanawe haki yake. Jioni matembele yapikwe.

Mvua zetu zikiisha Aprili, maboga hujaa sokoni kwa muda, kisha huadimika. Hapo mimi hutumia viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa, na mtindi nauongeza kidogo kwa sababu kiazi ni kikavu kuliko boga.

Wapo wateja wanaoniambia, "Dada, tia boga ila watoto wasijue." Kutia natia. Kuwaambia au kutowaambia ni juu yao wenyewe nyumbani kwao. Ila mtoto akija mlangoni kwangu kuchukua keki yake ya kuzaliwa akaniuliza imewekwa nini, nitamtajia kila kitu, na boga nitalitaja la kwanza.

Msomaji wenu, Lindi