Macho Hayatoshi: Kwa Mwanafunzi Anayeingia Maabara ya Kemia kwa Mara ya Kwanza

Nimesimamia mazoezi ya vitendo ya kemia kwa miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi aliyeunguza vidole vyake kama wengine. Katika muda wote huo sijaona hata ajali moja iliyosababishwa na kemikali ambayo darasa zima lilikuwa likiiogopa. Siku ya kutumia bromini kila mtu huvaa miwani bila kukumbushwa na hakuna anayefanya mzaha. Ajali nilizozishuhudia zilitoka kwenye bika lenye kimiminika kilichofanana na maji, kipande cha kioo kilichokwisha kuondolewa motoni, au glavu iliyoonekana safi. Kwa hiyo jambo ninalotaka ulielewe mapema ni kwamba ukiwa maabarani macho yako hayakupi taarifa zote unazozihitaji, na sehemu kubwa ya masharti utakayoyaona kuwa ya usumbufu imewekwa ili kuziba pengo hilo.

Anza na kioo. Kioo chenye joto la kukubabua ngozi na kioo baridi havina tofauti yoyote kwa mtazamaji. Nilijifunza hayo katika mwaka wangu wa kwanza, nilipopinda neli ya kioo juu ya moto, nikaiweka mezani, nikageuka kumjibu mwenzangu swali, kisha nikaishika palepale nilipoipinda. Tangu siku hiyo sishiki chombo chochote kilicho karibu na kichomeo kabla ya kukisogezea mgongo wa kiganja, bila kukigusa, ili nihisi kama kinatoa joto. Tenga sehemu moja ya meza kwa ajili ya vitu vilivyotoka motoni na umwambie mwenzako ni ipi, kwa sababu anayeungua mara nyingi si yule aliyepasha chombo moto, bali ni yule aliyekuja kukusanya vyombo. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na usipake mafuta wala dawa ya meno.

Moto wenyewe nao hujificha. Tundu la hewa la kichomeo cha gesi likiwa wazi, mwali huwa wa buluu hafifu ambao ni vigumu kuuona kwenye chumba chenye mwanga wa kutosha, na nimewahi kumwona mwanafunzi akipitisha mkono wa koti juu yake akidhani kichomeo kimezimwa. Ndiyo maana, unaposubiri au kuandika matokeo bila kupasha kitu, inakubidi ufunge tundu hilo ili mwali uwe wa njano na kila mtu auone. La sivyo, uuzime kabisa. Nywele ndefu zifungwe nyuma, na mikono ya koti isining'inie.

Mvuke wa viyeyushi, yaani vimiminika vinavyotumika kuyeyushia vitu vingine, hauonekani kabisa, na katika suala hili wanafunzi wengi hubaki na picha isiyo sahihi vichwani mwao. Wanadhani kinachowaka ni kimiminika kilichomo ndani ya chupa, kwa hiyo wanaona inatosha kuiweka chupa mbali kidogo na moto. Kinachowaka ni mvuke. Ethanoli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto katika halijoto ya takriban nyuzi 13 za Selsiasi, asetoni katika nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, na etha katika nyuzi 45 hivi chini ya sifuri, maana yake ni kwamba katika chumba cha kawaida vyote vitatu huwa tayari kuwaka wakati wowote. Mivuke hiyo ni mizito kuliko hewa, hivyo haipandi juu na kutawanyika upesi, bali hutambaa juu ya meza kama maji yaliyomwagika na huweza kufika kwenye kichomeo cha jirani asiyejua unachokifanya. Kabla ya kufungua chupa ya kiyeyushi, tazama kulia, kushoto na nyuma yako, uhakikishe hakuna mwali popote. Ukihitaji kukipasha moto, tumia chombo cha maji ya moto kilichochemshwa kwa umeme. Na ikitokea bika limeshika moto mezani, usilinyanyue kukimbilia nalo kwenye sinki, kwa maana kimiminika kinachowaka kitakumwagikia mwilini. Lifunike kwa kigae au blanketi la kuzimia moto, zima gesi, kisha rudi nyuma.

Sasa tuje kwenye vimiminika visivyo na rangi. Asidi ya salfuriki iliyokolea, maji safi na mmumunyo wa haidroksidi ya sodiamu, ambayo ni alkali kali, vikiwekwa katika mabika matatu yasiyo na lebo, hakuna mwalimu yeyote atakayeweza kuvitofautisha kwa kuvitazama tu. Kwa hiyo andika lebo kabla ya kumimina, hata kama chombo hicho utakitumia kwa dakika mbili tu, na unapomimina kutoka kwenye chupa kubwa elekeza lebo yake kwenye kiganja chako, ili tone litakalotiririka ubavuni lisiyafute maandishi ambayo mtu mwingine atayategemea kesho.

Sharti la kumimina asidi ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi, kila mwanafunzi amelikariri, lakini wachache wanaweza kueleza sababu yake. Asidi ya salfuriki iliyokolea ina uzito wa takriban gramu 1.84 kwa kila mililita, na inapokutana na maji hutoa joto jingi sana. Ukiyamwaga maji juu yake, yatabaki juu kwa kuwa ni mepesi, yatachemka ghafla mahali palepale yanapogusana nayo, na kurusha matone ya asidi kuelekea usoni mwako. Ukiizimua kwa kuimimina polepole ndani ya maji mengi huku ukikoroga, asidi huzama na joto husambaa katika maji yote.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi si asidi. Wanafunzi huishughulikia kwa uangalifu, kisha wakahamia kwenye haidroksidi ya sodiamu kana kwamba ni maji ya sabuni. Ule utelezi unaousikia vidoleni mmumunyo huo unapokugusa unatokana na mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuzwa kuwa sabuni. Ukiingia machoni, hali huwa mbaya zaidi kuliko asidi nyingi, kwa sababu asidi hugandisha protini za juu na kwa kiasi fulani hujizuia yenyewe, ilhali alkali huyeyusha tishu na kuendelea kupenya ndani. Wakati mwingine maumivu yake huchelewa, mtu akadhani amenusurika.

Jambo hili hutokea hasa katika zoezi ambalo wote huliona kuwa jepesi, yaani upimaji kwa bureti. Bureti ni neli ndefu ya kioo yenye alama za ujazo na bomba dogo chini, na ikiwa imefungwa kwenye nguzo yake juu ya meza, mdomo wake huwa juu kuliko uso wa mwanafunzi wa kimo cha kawaida. Mwanafunzi hunyoosha mkono, hutazama juu ili aone faneli, kisha humimina. Faneli ikiziba mdomo wa bureti na kuzuia hewa kutoka, mmumunyo hufurika na kumshukia usoni. Iteremshe nguzo nzima sakafuni au ishushe bureti hadi mdomo wake uwe chini ya macho yako, inua faneli kidogo ili hewa ipite, na usipande kamwe juu ya kiti ukiwa na bika mkononi. Ikiwa kemikali imeingia jichoni, nenda kwenye bomba la kuoshea macho mara moja bila kusubiri ruhusa, shikilia kope zikiwa wazi, toa lenzi kama unazivaa, na uendelee kuosha kwa dakika zisizopungua 15, huku mwenzako akimwita mwalimu na kuandaa safari ya kwenda kwa daktari. Dakika 15 ni nyingi mno kwa mtu aliyeinama chini ya maji. Bila mtu wa kuzihesabu, wengi huacha baada ya mbili. Asidi ikikumwagikia mwilini, usijaribu kuizimisha kwa alkali juu ya ngozi. Tumia maji tu, kwa wingi.

Kutokana na hayo, miwani ya usalama huvaliwa tangu mtu wa kwanza chumbani anapoanza kazi hadi wa mwisho anapomaliza, hata kama wewe umekwisha kuosha vyombo vyako na unaandika ripoti. Miwani iliyopandishwa juu ya paji la uso hulinda paji la uso.

Kuhusu glavu, nitasimulia tukio moja linalojulikana sana miongoni mwa wanakemia. Mnamo Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani na mtaalamu wa metali zenye sumu, alidondoshewa na kifaa chake mwenyewe matone machache ya dimethili ya zebaki, kimiminika chenye sumu kali, juu ya glavu ya mpira aliyokuwa ameivaa. Glavu haikuchanika wala kutoboka. Dalili zilijitokeza miezi kadhaa baadaye, naye akafariki Juni 1997. Vipimo vilivyofanywa kuhusu glavu za aina ile vilionyesha kwamba kemikali hiyo huzipenya ndani ya sekunde 15 au pungufu. Wewe hutakutana na dimethili ya zebaki katika maabara ya wanafunzi, lakini asetoni utaitumia karibu kila wiki, nayo pia hupita haraka katika glavu nyingi za kawaida. Glavu hukupa muda wa kuivua tu, basi. Ikimwagikiwa, ivue, nawa, vaa nyingine. Zaidi ya hapo, glavu hubeba kemikali hadi kwenye kitasa cha mlango, kalamu, na simu ambayo baadaye utaiweka shavuni.

Hatari nyingine husubiri mwisho wa kipindi, wakati watu wamechoka na mawazo yao yako nje. Chupa za mabaki zimetenganishwa kwa sababu: asidi ya nitriki ikimiminwa katika chupa yenye mabaki ya ethanoli au asetoni, mchanganyiko unaweza kukaa kimya kwa muda, kisha ukaanza kutoa gesi na joto hadi chupa iliyofungwa ipasuke, pengine wakati hakuna tena mtu chumbani. Soma lebo yote ya chupa ya mabaki, na kama huna hakika, uliza. Mabaki yasirudishwe kwenye chupa yalikotoka.

Na ukimwaga kitu, sema. Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyemwaga asidi kidogo mezani, akaifuta kwa karatasi kimyakimya kwa kuogopa kupunguziwa alama, na aliyefuata akaegemeza kiwiko palepale. Jeraha lilikuwa dogo, lakini aliyeumia hakuelewa kwa nini mkono ulikuwa ukimwasha na hakuuosha mpaka robo saa ilipopita. Sijawahi kumpunguzia mtu alama kwa kumwaga kemikali.

Unapomaliza, funga bomba la gesi wewe mwenyewe hata kama mwenzako amekwambia limefungwa, futa meza kwa kitambaa chenye maji, vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, nawa mikono kwa sabuni, kisha ndipo uchukue simu yako.