Maji asilimia 61: je, tabaka la mchangatope halifai?

SWALI: Ndugu Mhariri, darasani tulipewa rekodi za kisima cha mafuta kilichopita katika mwamba wa mchangatope (chembe ndogo kuliko za mchanga, kubwa kuliko za mfinyanzi). Densiti ilisomeka gramu 2.35 kwa sentimita moja ya ujazo, ukinzani wa tabaka omu-mita 4, na ukinzani wa maji yake omu-mita 0.05. Nilipata kwamba maji yamejaza asilimia 61 ya mianya ya mwamba, nikaandika kwamba tabaka halifai. Mwalimu ameniambia nifikiri upya. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa jiolojia, Dodoma

JIBU: Ndugu mwanafunzi, hesabu yako ni sahihi, ulipoteleza ni kwenye hukumu. Kwa kuwa densiti ya kwatzi, madini ya chembe za mwamba, ni 2.65 na ya maji ni 1, vinyweleo vya mwamba (mianya kati ya chembe) vinafikia asilimia 18 ya ujazo wake, na kanuni ya Archie ya mwaka 1942, inayokadiria maji kutokana na ukinzani na vinyweleo, vipeo vyake vikiwa 2, inatoa maji asilimia 61 kweli. Hata hivyo, kanuni hiyo hueleza kiasi cha maji yaliyomo, wala haisemi kama yatatiririka. Chembe za mchangatope hazifiki mikroni 63, na katika mianya myembamba iliyo kati yake maji hung'ang'ania kama mafuta ya taa yanavyoshika utambi. Maji hayo hupitisha umeme na kushusha ukinzani, ilhali kinachoweza kusogea kuelekea kisimani ni mafuta.

Mfinyanzi ni jambo jingine, na wengi huuchanganya na mchangatope. Umeme hupita pia kwenye nyuso za chembe zake, hivyo kanuni ya Archie hukadiria maji kupita kiasi. Ndipo zilipokuja kanuni za Simandoux (1963) na za Waxman na Smits (1968), zinazouhesabu umeme huo wa mfinyanzi. Usiutegemee mchoro wa gama, unaopima mnururisho wa asili wa mwamba, peke yake kuutambua mfinyanzi, kwa sababu mchangatope wenye feldispa na maika, madini yenye potasiamu inayotoa mnururisho huo, nao husomeka juu. Tazama mchoro wa nyutroni, unaoitikia haidrojeni: mfinyanzi una haidrojeni nyingi, kwa hiyo mchoro wa nyutroni huachana sana na ule wa densiti. Gama ikiwa juu huku michoro hiyo miwili ikikaribiana, mimi hushuku mchangatope kwanza.

Kabla ya kuandika upya ripoti yako, omba vipimo vya shinikizo la kapilari, yaani nguvu inayoyashika maji kwenye mianya myembamba, kutoka kwenye sampuli za mwamba. Vikionyesha kwamba maji yasiyosogea yanakaribia asilimia 60, tabaka ulilolikataa linaweza kutoa mafuta yenye maji kidogo sana.