Jioni si mabaki ya mchana

Wengi wetu tunaichukulia jioni kama kipande cha siku kilichosalia baada ya kazi: muda wa kumalizia yaliyoshindikana, kujibu meseji zilizorundikana, kisha kulala. Dini imenifundisha kuitazama vingine. Kwetu Waislamu, siku mpya huingia jua linapozama. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe huswaliwa usiku uleule, kabla mtu hajafunga hata saumu moja. Wayahudi nao huipokea Sabato yao Ijumaa jioni, na kitabu cha Mwanzo kinazihesabu siku za uumbaji hivyohivyo: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Katika Kurani, sura ya Ar-Rum aya ya 17, tunatakiwa kumtakasa Mwenyezi Mungu tunapofika jioni na tunapopambazukiwa, na jioni ndiyo iliyotangulizwa.

Ukilitia hilo moyoni, hesabu yako ya siku inageuka. Siku inaanza kwa kuswali, kula na wenzako na kulala. Kazi inafuata baadaye. Hulazimiki kwanza kuyastahili mapumziko kwa kuchoka. Umepewa mwanzoni kabisa, kabla hujafanya lolote.

Kwa hiyo nakushauri uiwekee jioni mpaka usiosogezwa. Wangu mimi ni Magharibi. Wakati wa swala hii ni mfupi, huingia jua likishatua na hutoka wekundu wa mbinguni ukishapotea, kwa hiyo haikupi nafasi ya kusema "dakika tano tu nimalizie hiki." Muda mfupi kabla ya adhana naandika kwenye karatasi jambo moja nitakaloanza nalo kesho kazini, kisha nafunga kompyuta. Usiidharau karatasi hiyo. Kazi isiyokwisha husumbua kichwa usiku kwa sababu kichwa kinaogopa kuisahau; ukishaiandika, hofu inapungua. Halafu natia udhu bila haraka. Maji yanapopita kati ya vidole vya miguu, na mimi nimeinama nikivisugua kimoja kimoja, mwili wenyewe unaelewa kwamba mchana umekwisha.

Ndugu zetu Wakristo wana mipaka yao pia. Wakatoliki wana Masifu ya Jioni, ambayo huimbwa ndani yake utenzi wa Bikira Maria, na Zaburi ya 141 inaomba kuinuliwa kwa mikono kuwe kama sadaka ya jioni. Asiyeswali anaweza kutembea kidogo nje wakati ule mwanga unapofifia. La muhimu ni kiwe kitendo cha mwili chenye saa yake. Nia peke yake hushindwa na simu.

Kuhusu simu sitasema mengi. Mwanga mkali usiku huuchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayouandaa kwa usingizi. Punguza taa, weka simu chumba kingine.

Watu wa nyumbani ndio ninaotaka kuwasemea zaidi. Mtoto ukimuuliza "habari za shule?" atakujibu "nzuri" na yataishia hapo. Lakini kaa naye jioni mkikunja nguo pamoja, macho yenu yakiwa kwenye nguo, na baada ya muda ataanza mwenyewe: fulani amenisukuma, mwalimu hakuona. Maneno ya namna hiyo hayaji kwa kuitwa. Yanataka mtu aliyetulia, asiye na haraka ya kwenda popote, na jioni ndiyo saa pekee ambayo wengi wetu tunaweza kuwa mtu huyo.

Na ugomvi je? Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba jua lisichwe wakiwa bado na hasira, na mimi nakubaliana naye kwa moyo wote, ila natenganisha mambo mawili. Kusameheana kufanyike kabla ya kulala, hata kwa neno moja tu. Kuchambua nani alianza na nani alikosea kungoje asubuhi, kwa sababu mtu aliyechoka husikia shutuma hata pasipo na shutuma.

Kabla ya kulala nafanya muhasaba, kufuata maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar, khalifa wa pili wa Waislamu, kwamba tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Najiuliza nimemnyima nani haki yake, na neema gani imenipita bila shukrani. Usiugeuze muhasaba kuwa mahakama ya kujilaumu. Likipatikana la kurekebisha, liandike kwenye karatasi ileile, omba msamaha kwa Mola, ulale.

Anayefanya kazi ya zamu ana jioni yake saa nyingine, naye aiwekee mpaka vilevile. Kama ni mara yako ya kwanza, chagua siku ambayo kazi huwa nyepesi, na uwaambie mapema unaoishi nao na unaofanya nao kazi ni saa ngapi hutapokea simu, wasije wakadhani umewasusa.