Koni isiyochorewa mstari ni ugomvi

Ugomvi wa autokrosi huanza asubuhi. Mtu wa koni anasema "hii tutakumbuka ilipokaa", anaenda kwenye inayofuata, na hachori chochote. Ikifika saa nane mchana upepo wa ziwa umeshika, vumbi limetanda, koni imesogea, na hakuna wa kuapa ilikuwa wapi. Dereva anashuka amekunja uso, na marshali, msimamizi wa koni aliyejitolea siku yake ya Jumapili, anaitwa mwongo mbele za watu.

Tunazungumzia autokrosi ya gari moja moja dhidi ya saa, kwenye uwanja uliopangwa koni, ambako mtu anaweza kuja na IST yake ya kwendea kazini. Kenya jina hilohilo hutumika kwa mbio za njia ya vumbi zenye mizunguko, na huko adhabu zina mpangilio wake. Za koni wengi wetu tunafuata mtindo wa SCCA, klabu ya mbio za magari ya Marekani: muda wa raundi, jumlisha sekunde 2 kwa kila koni. Mtu aliyekimbia 48.3 na koni mbili amepata 52.3, na anapitwa na mwenye 50.1 safi. Hesabu ni nyepesi. Kazi ngumu ni kukubaliana koni ni ipi na imeangushwa lini.

Koni inahesabiwa ikiwa imelala, au ikiwa imesimama lakini kitako chake chote kiko nje ya mstari uliochorwa kukizunguka. Ikiwa imesimama na sehemu yoyote ya kitako bado inagusa mstari, hakuna adhabu, hata kama imezungushwa nusu duara. Koni zilizolazwa kama mshale wa kuonyesha upande hazihesabiwi kabisa. Koni iliyoangushwa na koni nyingine iliyorushwa na gari inahesabiwa, kwa sababu chanzo ni dereva yuleyule. Iliyoangushwa na upepo haihesabiwi, na ndiyo maana marshali lazima awe ameiona gari ikigusa. Kama hakuona, hakuna koni. Kukisia kwa kuangalia vumbi lilikopita ni dhuluma.

Sasa mstari wenyewe. Kwenye lami chaki inatosha. Kwenye udongo chaki haishiki, na chokaa ikimwagwa juu juu inafutwa na magari matano ya kwanza. Kwaruza mfereji wa kina cha sentimita mbili hivi kuzunguka kitako kwa ncha ya panga au kijiti kigumu, kisha jaza chokaa humo. Tairi likipita linafuta ya juu, ya kwenye mfereji inabaki. Anayemwaga chokaa avae glavu na miwani, kwa sababu ikiingia machoni inaunguza. Wengine hutumia sembe. Inachoreka vizuri, ila mbuzi wakiwa karibu utarudi ukute kazi yako imelambwa.

Upepo una dawa yake pia, na hapa watu wa Mwanza tunakosea kwa sababu mawe yamejaa kila kona. Usiegemeze jiwe kwenye koni, wala usilifiche ndani yake. Gari likiigonga, jiwe linapasua bampa, sampu ya oili, au linaruka kwa marshali. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli, kata kipande, jaza mchanga, funga ncha mbili, zungusha juu ya kitako. Uzito wa kilo moja unatosha, na ukigongwa haumuumizi mtu. Hakikisha tu haufuniki mstari.

Marshali anapokagua koni yenye shaka, apige goti. Akiwa amesimama mita nne pembeni, kivuli cha kitako kinafanana sana na mstari. Akiinama ataona kama chokaa imeingia chini ya ukingo wa kitako, au kuna ufa wa udongo mtupu kati yake na mstari, hata uwe wa unene wa kidole. Ufa ukizunguka pande zote, ni sekunde 2. Ukingo ukigusa mahali pamoja, airudishe katikati na asiseme kitu. Picha za simu za watazamaji zisikubaliwe: kutoka pembeni haziwezi kuonyesha kitako kinagusa au hakigusi.

Kupokezana taarifa kwenye redio kuwe na sentensi moja isiyobadilika: "Kituo cha 3, gari 27, koni moja, lango la 6" (lango ni nafasi kati ya koni mbili ambayo gari lazima lipite). Mtu wa saa anairudia yote, ndipo anaandika. Asiporudia, haikusikika. Kama marshali bado anakagua, aseme "kituo cha 3, subiri gari 27", na mtu wa saa asitangaze muda mpaka apate jibu. Kimya kisichukuliwe kuwa ni safi. Kila kituo kiseme "safi" kwa kila gari. Inachosha, ndiyo, lakini betri ya redio inapokufa unajua ndani ya dakika moja badala ya kugundua jioni kwamba kituo cha 2 hakikuripoti koni hata moja tangu asubuhi.

Adhabu itangazwe au iandikwe ubaoni kabla dereva hajarudi kwenye foleni. Akiwa na malalamiko ayapeleke kwa mkuu wa mashindano, sio kwa marshali, na ayapeleke wakati mfereji wa chokaa bado uko na marshali bado anakumbuka. Malalamiko ya saa kumi na moja jioni kuhusu koni ya saa nne asubuhi hayana pa kuangaliwa.

Kukosa lango ni jambo jingine: raundi hiyo haina muda. Dereva akigundua mapema anaweza kurudi na kulipita kwa usahihi, saa ikiendelea kuhesabu. Hilo liruhusiwe tu kama kuna gari moja njiani. Mkiruhusu magari mawili kwa pamoja, mtu anayerudi nyuma kwenye vumbi ni ajali inayosubiri.

Marudio

Raundi ya marudio ina sababu chache, na zibandikwe ukutani kabla ya mkutano wa madereva: saa imeshindwa, bendera nyekundu imepeperushwa, gari la mbele limemzuia, au amekuta koni iliyoangushwa na gari lililotangulia na haijasimamishwa. Gari kuzimika, kuzunguka, gia kugoma, tairi kupasuka: pole sana, hakuna marudio.

Hiyo ya koni iliyolala ndiyo inayochezewa. Dereva akiikuta, asimame hapohapo kwa usalama na kuinyooshea mkono marshali aione. Akiendelea mpaka mwisho, muda wake ndio muda wake. Bila sharti hili, mjanja atamaliza raundi, atatazama ubao, na akipenda muda atanyamaza. Asipoupenda, ghafla atakumbuka kulikuwa na koni imelala lango la 4. Na koni aliyoiangusha mwenyewe kwenye raundi hiyo haimpi marudio hata aikute mara ya pili.

Bendera nyekundu maana yake ni kusimama kabisa, sio kupunguza mwendo. Dereva asubiri marshali amwelekeze, atoke polepole. Anayeipita anapoteza raundi bila mjadala. Aliyesimama anapewa marudio na koni za raundi iliyokatishwa zinafutwa, isipokuwa kama alishakosa lango kabla ya bendera: huyo raundi yake ilishakufa, bendera haiifufui. Raundi ya marudio ikikubaliwa, ya kwanza inafutwa yote, hata kama ilikuwa inaelekea kuwa nzuri. Dereva achague akijua hivyo.

Mpe angalau dakika 5 breki zipoe. Lakini usimpe muda mrefu mno kwenye vumbi. Uwanja wetu mwingi unabadilika kila baada ya magari kumi, na boza la maji likipita unabadilika kabisa. Aliyepewa marudio akimbie ndani ya kundi lake, kabla ya boza. Ukimchelewesha mpaka baada ya kumwagilia, umempa uwanja ambao wenzake hawakuupata, uwe mzuri zaidi au mbaya zaidi.

Saa ya mionzi, ile inayopima gari likikata mwale wa mwanga, ikikatika, kuna kishawishi cha kutumia muda wa mtu aliyeshika stopuwachi. Usichanganye. Kidole cha binadamu kinachelewa au kuwahi sehemu ya kumi ya sekunde na zaidi, na tofauti kati ya wa kwanza na wa pili mara nyingi ni hiyohiyo. Ama kundi zima lipimwe kwa mkono, ama aliyekosa muda arudie. Sababu ya kawaida ya mionzi kukatika kwetu ni vumbi kwenye kioo cha kifaa; kitambaa kikavu kila baada ya magari kumi kinamaliza tatizo. Anayepita mbele ya mionzi kwa miguu anaharibu siku.

Uwanja

Chagua udongo kabla ya kuchora njia. Wasukuma wana majina yake tayari: luseni, kichanga cha karibu na majabali, kinalegea na kuchimbika haraka; mbuga, ule mweusi, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza rimu na ukilowa unakuwa gundi; itogolo, ule mgumu ulioshikana, ndio unaofaa. Njia ikianzia itogolo na kuishia luseni, jua kwamba mwisho wake breki zitadanganya. Kwa kilomita 60 kwa saa, gari kwenye lami kavu linahitaji takriban mita 18 kusimama tangu breki zishike. Kwenye udongo uliolegea ni karibu mita 28. Kwa kilomita 80 inakuwa kama mita 31 kwenye lami na 50 kwenye udongo. Sasa angalia jabali lililo mwisho wa mnyoofu wako, sehemu ya njia iliyonyooka.

Ukingo wa njia usiwe chini ya mita 8 kutoka kwa kitu kigumu: jiwe, mti, nguzo ya umeme, gari lililopaki. Hiyo ni pembeni ya mnyoofu. Nje ya kona na baada ya mstari wa mwisho ongeza mara mbili, mara tatu. Nafasi ikikosekana, usitegemee ustadi wa madereva. Weka zigizaga ya koni nne au tano, mita 14 hadi 16 kati ya moja na nyingine, mwendo ushuke kabla ya kufika. Milango isiwe myembamba chini ya mita 4.6. Watazamaji wakae mita 23 au zaidi kutoka ukingoni, na kamwe si nje ya kona. Juu ya jabali refu lililo mbali ni mahali pazuri kweli pa kutazamia, na vijana watapanda hata ukikataza, kwa hiyo panga njia ukijua watakuwepo.

Uwanja wazi una njia za mkato. Ongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku kadhaa kabla, na asubuhi weka mtu kila mahali njia ya miguu inapoingia. Utepe peke yake hauzuii bodaboda wala ng'ombe. Marshali wa kituo wawe watatu: mmoja redio na bendera, wawili wa kukimbilia koni. Hakuna anayekaa kwenye kiti, hakuna anayerekodi kwa simu, hakuna anayeligeuzia mgongo gari linalokimbia. Koni inakimbiliwa gari likishapita na baada ya kutazama nyuma kama kuna jingine. Kila kituo kiwe na mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu wa kilo 9, mshale uko kwenye kijani, umekaa kivulini.

Ukaguzi wa magari usiwe wa kupiga mhuri. Kanyaga breki mwenyewe: pedali isishuke polepole. Tikisa betri. Bonyeza mafuta uone pedali inarudi. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, N·m 103 kwa Toyota ndogo nyingi, na zikazwe tena baada ya raundi ya kwanza. Toa kapeti ya dereva, jeki, na hasa chupa ya maji: ikibingirika chini ya pedali ya breki, hakuna mita za ziada zitakazotosha.

Gari la dharura lipaki likitazama barabarani, ufunguo ndani, dereva wake asiwe mshindani. Aamue mapema kama ni hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure kulingana na mlipo, na ajue njia yenye foleni ya Jumapili. Namba ya zimamoto ni 114; iandikwe mezani kwa mtu wa saa.

Mvua ikija kutoka ziwani, mnaiona ikitembea juu ya maji dakika kadhaa kabla. Simamisha ukiona radi, na itogolo likilowa tu, kwa sababu juu linakuwa kama sabuni wakati chini bado gumu. Hesabu matokeo ya kila kundi kwa raundi ambazo kila mmoja wake amekimbia kwenye hali ileile. Raundi iliyokatwa katikati ifutwe kwa kundi zima, pamoja na ile nzuri ya yule aliyewahi kukimbia pakavu.