Taa moja hafifu: kabla hujanunua alteneta, angalia ethi

Ndugu yangu, umesema taa ya kushoto inawaka hafifu kama kibatari, ya kulia iko sawa, balbu umeshabadilisha mara mbili, na sasa fundi anataka pesa ya alteneta. Ngoja kwanza. Hiyo pesa ikae mfukoni.

Alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, inalisha gari zima. Haiwezi kuipendelea taa ya kulia ikainyima ya kushoto. Ingekuwa ndiyo mbovu, taa zote mbili zingefifia, na ungeziona zikichangamka ukikanyaga mafuta kisha zikinywea ukiachia. Upande mmoja ukiumwa na mwingine ukawa mzima, ugonjwa uko kwenye njia ya upande huo: balbu, soketi, waya, fyuzi (gari nyingi kila upande una fyuzi yake) au ethi, yaani waya unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari. Na kwa sisi wa pwani, mimi huanza na ethi.

Haya yalinikuta. Naishi Likoni, pikapu yangu ya zamani hulala nje, na upepo wa kusi ukianza kuvuma ukipitisha kidole juu ya boneti asubuhi unaonja chumvi. Masika moja taa ya kushoto ikafifia, vile vile kama yako. Lakini kulikuwa na kituko kingine: nikiwasha dimu (mwanga wa chini), ile taa ya buluu ya fulu (mwanga wa juu) kwenye dashibodi nayo inawaka kwa mbali, kama kimulimuli. Usiku nikienda Ukunda, bodaboda asiye na taa nilikuwa namwona akishafika puani. Nikanunua balbu. Nikanunua nyingine. Karakana moja kisiwani wakaniuzia betri, na kweli taa zikapendeza kwa siku tatu, maana ile kuvutavuta nyaya wakati wa kufunga ilikuwa imegusisha kitu. Siku ya nne, yale yale.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi waya kule Changamwe. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za betri mpya, akanikata: "Mwanangu, buluu inawaka ukiweka dimu?" Nikasema ndiyo. Akacheka, akaenda moja kwa moja kwenye bolti ndogo nyuma ya taa. Aliigusa tu, kichwa cha waya kikabaki mkononi mwake, kijani kibichi kama mwani.

Akanieleza, na ndipo nikaelewa. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, wa dimu na wa fulu, lakini njia ya kurudi ni moja. Ethi ikikatika, umeme wa dimu hauna pa kutokea, kwa hiyo unapanda uzi wa fulu kinyumenyume, unafuata waya wa fulu mpaka taa ya upande wa pili, na huko ndiko unakopata ethi. Taa ya buluu imefungwa kwenye waya huo huo wa fulu, basi nayo inaambulia kidogo. Kwa hiyo kaangalie yako leo usiku. Ikiwa buluu inajiwasha, jibu umeshalipata.

Hata isipojiwasha, pima. Mita ya umeme ya bei nafuu inatosha, iweke volti 20 za DC. Washa injini, washa taa, pima betri kwenye vichwa vyake. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, alteneta yako ni nzima, mwambie fundi wako asalamu aleikum. Kisha, taa zikiwa bado zinawaka, ncha nyeusi iweke kwenye nego (hasi) ya betri na nyekundu uichomeke nyuma ya soketi ya taa, kwenye waya wa ethi. Ethi nzuri itasoma karibu na sifuri, chini ya 0.2. Yangu ilisoma karibu 2. Usione ni kidogo: balbu ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua kama asilimia 30.

Lazima taa ziwe zimewaka, na balbu iwe ndani ya soketi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Wanachomoa soketi, wanapima, wanaona volti 12, wanasema waya mzima. Mita haivuti umeme wowote wa maana, hata waya uliobakiwa na unyuzi mmoja utaionyesha 12. Balbu ya wati 55 inataka karibu ampea 5, na hizo haziwezi kupita kwenye unyuzi mmoja.

Tahadhari moja: Toyota nyingi za zamani swichi ya taa hukatiza upande wa nego, si chanya. Huko ule waya wa pamoja unaleta umeme badala ya kuurudisha, kwa hiyo usifuate rangi za nyaya wala maelezo ya gari la jirani.

Kutengeneza ni kazi ya nusu saa. Toa nego ya betri. Fungua bolti, piga msasa mpaka bati ling'ae, rangi yote itoke pale. Kata kichwa cha waya kilichooza, na uendelee kukata mpaka ukute shaba nyekundu. Waya ukiwa mweusi ndani, kichwa kipya ni kujidanganya. Bana kichwa kipya, kaza, halafu ndiyo upake grisi kwa juu. Mimi kila mwaka kabla ya masika nafungua ethi zote, pamoja na ile nene inayotoka betri kwenda kwenye bodi.

Kama taa zote mbili zinakufa kwa pamoja, hiyo habari nyingine: sikiliza rilei (swichi ya sumaku inayopitisha umeme wa taa) inapiga tik au haipigi, na ikiwa ya honi ina namba zile zile, badilishana nayo ujaribu. Tafadhali fyuzi ikiungua usiweke karatasi ya sigara badala yake. Na ukikuta soketi yako imeyeyuka, huenda kuna mtu aliwahi kukuwekea balbu za wati 100. Nunua soketi mpya na urudi kwenye 55.

Ukishapima jioni, niandikie hapa namba mbili, ya betri na ya ethi, pamoja na aina ya gari. Nikiwa nangoja feri nitakujibu, na foleni ya Likoni unaijua.