Gari iliyoshushwa ikigonga, usikimbilie shokapu

Mteja mwenye gari ya chini akifika gereji huwa ameshajipa jibu njiani: "Fundi, shokapu zimekufa, nitafutie nyingine." Wewe kijana unayeanza, usimbishie na usimkubalie. Muulize gari ilishushwa kwa njia gani: kwa springi fupi za kiwandani, koilova (shokapu na springi zilizounganishwa, ambazo urefu wake unarekebishwa), au springi zilizokatwa kwa grainda. Muulize pia kelele inatokea wapi: kwenye matuta, kwenye kona, au anapokata usukani gari ikiwa imesimama. Majibu hayo yatakuokolea nusu siku ya kufungua nati bila sababu.

Ukishusha gari, kila amu (mkono wa chuma unaoshika tairi), bushi (mpira wa kwenye maungio yake) na linki (kirodi cha kuunganisha) inafanya kazi kwa pembe ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Kwa hiyo spea nzima kabisa inaweza kupiga kelele. Tafuta kwanza kilichohama ndipo utafute kilichokufa. Vijana wengi wa gereji zetu huku Mwanjelwa, Mbeya, wanaanza na kilichokufa, na ndiyo maana mteja ananunua shokapu mbili na anaondoka na kelele ile ile.

Anza kwa kupima. Tafuta sakafu iliyo sawa, jambo ambalo Mbeya lenyewe ni kazi, maana nusu ya mji uko kwenye mteremko. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne. Usipimie chini kwenye ardhi, kwa sababu upepo wa tairi na kulika kwake vitakudanganya. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwenzake, chungulia springi: huenda imevunjika mzunguko wa mwisho, au haikukaa kwenye kikalio chake.

Springi ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Piga jeki kwenye bodi, weka stendi, acha tairi zining'inie. Sasa shika springi kwa mikono miwili ujaribu kuizungusha. Ikizunguka, au ikicheza juu na chini, umepata mgongano wako: ni ule mlio mmoja mzito unaosikika baada ya tuta, tairi inaposhuka shimoni na springi kuachia kikalio, kisha kurudi kwa nguvu. Kwa springi iliyokatwa hilo ni kawaida. Tena ukikata springi hailegei kama watu wanavyodhani, inakuwa ngumu zaidi. Yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiondoa mmoja, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20 hivi, huku nafasi ya kucheza ikipungua. Iliyokatwa kwa moto wa gesi mimi siirudishi kwenye gari ya mtu. Chuma kikishapata joto lile, pale karibu na mkato hakiaminiki tena.

Halafu stopa, ule mpira ulio kwenye rodi ya shokapu. Inua vumbi kava, funga zip tai kwenye rodi, isukume hadi iguse mwili wa shokapu, kisha endesha barabara ya kawaida, matuta na rasta za barabara ya TANZAM zinatosha kabisa. Rudi uangalie zip tai imesukumwa hadi wapi. Ikiwa imefika kwenye stopa kwa mwendo wa kawaida tu, basi gari inatembelea mpira, na ule ugumu anaolalamikia mteja hautaondolewa na shokapu mpya za urefu ule ule. Ainue gari kidogo, au atafute shokapu fupi zinazoendana na springi zake. Kuna mafundi wanaong'oa stopa kabisa ili gari "ilainike". Wiki haiishi pistoni inagonga kitako cha shokapu, na hapo ndipo shokapu inakufa kweli.

Jambo ambalo sijaona likifundishwa vya kutosha ni ukazaji wa bolti za amu. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti. Bomba lake la ndani linabanwa na bolti, mpira wenyewe ndio unaojisokota amu inapopanda na kushuka. Ukikaza bolti tairi ikiwa inaning'inia, gari ikishuka chini mpira unakaa umesokotwa muda wote, hata ikiwa imeegeshwa. Utalia, kisha utachanika mapema. Kwa hiyo gari ikishashushwa, legeza bolti zote za amu, weka uzito kwenye tairi, au inua amu kwa jeki mpaka bodi iachane kidogo na stendi, ndipo ukaze. Kwenye Altezza na Mark X, zenye amu nyingi nyuma, kazi hii peke yake imenyamazisha gari ambazo wenyewe walishaambiwa wanunue seti nzima ya bushi. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, mpira unakuwa mgumu alfajiri. Mteja akisema inalia asubuhi tu, mwombe ailaze gari gereji uisikilize kabla haijapata joto.

Linki za stebilaiza, ile rodi inayozuia gari kulala kwenye kona, ni rahisi: fungua zote mbili, zifunge pembeni zisiguse kitu, zunguka uwanjani polepole. Kelele ikitoweka, ni hizo. Boljointi, ungio la duara kati ya amu na kitovu cha tairi, ukaguzi wake unategemea springi imekaa wapi. Ikiwa imekalia amu ya chini, weka jeki chini ya amu ndipo utikise kwa mtaimbo, la sivyo springi inaibana na utaiona nzima. Kwa gari za strati kama IST, ambazo shokapu na springi zimefungwa pamoja kama nguzo moja, acha tairi ining'inie. Maunti ya juu, pale strati inaposhikwa na bodi, nayo ikague: mwenzako akikata usukani na springi ikaruka kwa mlio, beringi yake imekwama. Usisahau bomba la eksozi, maana gari ya chini hulamba matuta, bomba linapinda na kugonga bodi. Lisukume kwa mkono likiwa limepoa.

Nati ya juu ya strati usiiguse kabla springi haijabanwa kwa klampu. Hapo sina mjadala.

Tairi nazo zinasema. Iliyolika ndani tu, lakini laini, inaonyesha imelala, yaani juu yake imeinamia ndani. Ukipapasa ikawa laini ukienda upande mmoja, na ukirudi inakwaruza kama meno ya msumeno, uelekeo wa tairi umepotea, yaani mbele yake imegeukia ndani au nje, na huo unakula tairi haraka kuliko kulala. Gari inayoruka pembeni kila ikipita shimo ina tairodi (rodi za usukani zinazogeuza tairi) zilizopanda pembe mbaya. Ukitaka kulijaribu hilo barabarani, usilifanyie Mlima Nyoka katikati ya malori.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za tairi, inakuja mwisho, baada ya bolti zote kukazwa na urefu kukubaliwa na mwenye gari, kwa sababu ukigusa urefu baadaye, vipimo vyote vinapotea. Akiwa na spika kubwa kwenye buti, mwambie aziache humo humo wakati wa kupima. Kisha washa taa mbele ya ukuta, uone kama hazimuliki juu, hasa gari zilizoshushwa nyuma kuliko mbele.