Jina la Staa, Kiatu cha Kampuni: Kilichoiponza Yeezy

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kwa nini chapa za mavazi zinazoanzishwa na mastaa hupanda kwa kishindo kisha zikaporomoka, na staa wa huku kwetu anayetaka kuanzisha yake ajihadhari na nini. Najua wengi watajibu kwamba tatizo ni tabia ya staa mwenyewe. Tabia inachangia, sikatai, lakini mimi naanzia kwenye mkataba. Biashara ya namna hii ina mali tatu: jina, muundo, na mzigo ulioko ghalani. Mali hizo zikiwa kwenye mikono tofauti, siku ya ugomvi hakuna anayeondoka na biashara nzima. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Yeezy, chapa ya viatu na nguo ya rapa wa Marekani Kanye West, ambaye tangu 2021 jina lake kisheria ni Ye.

Alianzia Nike. Air Yeezy ya kwanza ilitoka 2009, ya pili 2012, na zote mbili ziligombewa. Lakini Kanye alilalamika hadharani kwamba Nike haimpi mrabaha, yaani asilimia ya kila jozi inayouzwa. Mwishoni mwa 2013 akahamia Adidas, na huko mrabaha ukaingia kwenye mkataba. Februari 2015 walifanya onyesho lao la kwanza New York, na kiatu cha kwanza, 750 Boost, kikaingia sokoni kwa dola 350: jozi 9,000 tu, katika jiji hilo hilo. Juni ikafuata raba iitwayo 350, kwa dola 200, na walanguzi wakaiuza kwa zaidi ya dola 1,000.

Uchache huo ulipangwa. Bei ya mtaani ikizidi ya dukani, foleni zenyewe zinakuwa tangazo, na kampuni haihitaji kulipia mabango. Ubaya wake ni kwamba jozi 9,000 hazishibishi kampuni yenye wanahisa wanaosubiri hesabu kila robo mwaka. Juni 2016 mkataba ukapanuliwa, rangi zikaongezeka, matoleo yakawa mengi. Septemba 2018 Adidas iliachia 350 V2 nyeupe, toleo la pili la 350, kwa wingi usio wa kawaida, na bei ya walanguzi ikashuka hadi karibu na dola 220 za dukani. Baadaye zikaja ndala za Slide kwa dola 55 na Foam Runner kwa dola 75. Kwa hesabu zilizochapishwa na Bloomberg, mauzo ya 2020 yalikaribia dola bilioni 1.7, na mrabaha wa Kanye mwaka huo ulikuwa dola milioni 191. Kwa maoni yangu Adidas walifanya sawa kuongeza wingi. Kilichowaponza ni kwamba wingi huo ulijenga ghala kubwa juu ya jina ambalo hawakulimiliki.

Nguo hazikufikia hata robo ya umaarufu wa viatu. Maonyesho yalijaa watu, sweta za mamia ya dola ziliandikwa sana magazetini, lakini pesa ilitoka kwenye raba. Kwenye onyesho la Septemba 2016 kisiwani Roosevelt, New York, wanamitindo walisimamishwa juani muda mrefu hadi baadhi wakazirai, na hicho ndicho watu walichokikumbuka.

Dawa ya nguo ilitarajiwa kuwa Gap, mnyororo wa maduka ya nguo wa Marekani. Juni 2020 walisaini mkataba wa miaka 10, na Gap ikitumaini kufikia mauzo ya dola bilioni moja kwa mwaka. Mwaka mzima ukapita, na vazi la kwanza likawa jaketi moja la dola 200. Duka la nguo haliendeshwi hivyo. Lina reli za kuning'inizia zinazotakiwa kujaa saizi zote, na nguo mpya zinazoingia kabla za zamani hazijaisha. Mbunifu anayetaka kurekebisha kola mara ishirini na mnyororo wa maduka wenye ratiba ya meli na makontena hawawezi kwenda mwendo mmoja, hata wakipendana vipi. Septemba 2022 mawakili wa Ye waliiandikia Gap kuvunja mkataba: walidai kampuni ilitakiwa kuweka asilimia 40 ya mavazi hayo madukani kufikia nusu ya pili ya 2021, na kufungua maduka maalumu ya Yeezy Gap, lakini haikufanya lolote kati ya hayo.

Mwezi uliofuata ndipo kila kitu kikapasuka. Ye alitoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, maneno yasiyo na utetezi, na tarehe 25 Oktoba 2022 Adidas ikavunja ushirikiano. Hapo ndipo watu wengi walipojua kwa mara ya kwanza nani alikuwa anamiliki nini. Miundo yote ya viatu na rangi zake ilikuwa mali ya Adidas. Jina Yeezy lilikuwa la Ye. Viatu vyenyewe, vilivyokwisha kushonwa au vilivyokuwa bado viwandani, vilikuwa mzigo wa Adidas, na thamani yake sokoni ilikadiriwa kuwa euro bilioni 1.2.

Novemba mkuu wa fedha wa Adidas alieleza mpango ulioonekana mzuri kwenye karatasi: viatu vilevile viuzwe bila jina la Yeezy, na kampuni iokoe karibu euro milioni 300 za mrabaha na ada za kutangaza. Sasa shika 350 V2 mkononi uone ugumu wake. Sehemu ya juu ni kitambaa kimoja kilichofumwa kwa mashine, hakina vipande vya kushonwa pamoja. Katika matoleo mengi maandishi SPLY-350 yamefumwa ndani ya mstari wa ubavuni. Si lebo unayoweza kuifumua kwa wembe. Kitambaa cha ndani kinachokanyagwa na unyayo kimechapwa alama ya Adidas pamoja na YZY, kifupi cha Yeezy. Boksi lina jina. Unaweza kubadilisha kitambaa cha ndani na boksi kwa gharama kubwa, lakini ubavu utabaki vilevile, na mnunuzi atakitambua kiatu kwa mbali hata usipokiandika kitu. Ukimuuzia kana kwamba ni kiatu kingine, unamdanganya.

Bjørn Gulden alipoingia kama mkurugenzi mkuu Januari 2023 alikuta njia chache, zote chungu. Kuchoma mzigo kungekuwa uharibifu wa mali na wa mazingira. Kugawa bure kwa wahanga wa tetemeko la Uturuki na Syria kungerudisha viatu sokoni haraka kwa sababu ya bei yake, na Gulden mwenyewe alilisema hilo waziwazi. Kuufuta mzigo kwenye vitabu kungeiingiza kampuni kwenye hasara ya uendeshaji ya euro milioni 700 kwa mwaka 2023. Onyo hilo walilitoa Februari. Ikabaki kuuza kidogo kidogo kwa jina lilelile, huku sehemu ya mapato ikienda kwa taasisi zinazopambana na chuki. Awamu ya kwanza ilifunguliwa mwishoni mwa Mei 2023, ya pili Agosti. Mwaka huo Yeezy iliingiza takribani euro milioni 750 na faida ya milioni 300, na bado Adidas ikafunga mwaka kwa hasara ya euro milioni 58, ya kwanza katika zaidi ya miaka 30. Mwaka 2024 yakauzwa mabaki ya euro milioni 650 hivi, na mwanzoni mwa 2025 kampuni ikatangaza kwamba ghala limekwisha. Kesi kati yao, iliyohusu pamoja na mengine dola milioni 75 zilizozuiliwa benki, iliisha Oktoba 2024 kwa kila upande kuondoka bila kulipwa.

Hebu tazama matokeo: Adidas ina miundo isiyo na jina lililoipa thamani. Ye ana jina lisilo na viatu vilivyolifanya lijulikane.

Kuna mastaa walioanguka upande wa pili, kwa kuuza jina lenyewe. Rapa Jay-Z aliiuza Rocawear, chapa yake ya mavazi, kwa kampuni ya Iconix mwaka 2007 kwa dola milioni 204. Miaka kumi baadaye Iconix ikamshtaki kwa sababu ya kofia zenye alama ya Roc Nation, kampuni yake nyingine, ikidai zinaingilia haki ilizozinunua. Rapa Sean Combs (Diddy) alianzisha Sean John 1998, chapa ya mavazi iliyobeba majina yake mawili ya kuzaliwa. Mwaka 2016 aliuza hisa nyingi, kampuni iliyonunua ikafilisika 2021, na yeye akalazimika kulikomboa jina lake kwenye mnada wa ufilisi kwa dola milioni 7.55. Lakini hata aliyelikomboa hakupata amani: 2023 maduka ya Macy's ya Marekani yalikuwa yakiacha kuuza nguo hizo, na mwaka huohuo Combs akaandamwa na kesi za madai ya unyanyasaji. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa staa ni kutotumia jina la kwenye cheti cha kuzaliwa. Tunga jina la biashara unaloweza kuachana nalo bila kupoteza haki ya kusaini nguo nyingine kwa jina lako.

Kwetu hatari ya haraka zaidi ni kopi. Slide na Foam Runner feki zimejaa kuanzia Kariakoo hadi Gikomba, na sababu ni ya kiufundi. Kiatu hicho ni povu tu la plastiki laini iitwayo EVA, linalomiminwa kwenye kalibu na kutoka likiwa kamili, bila uzi na bila kitambaa. Mwenye kalibu ana kiatu. Povu hilo hutanuka kalibu likifunguliwa, kisha hunywea likipoa, ndiyo maana kalibu huchongwa dogo kuliko kiatu chenyewe. Kiwanda kinachoharakisha upoozaji hutoa jozi ambayo mguu mmoja umepungua kuliko mwingine, na ukiiacha kwenye gari juani inazidi kunywea. Mteja akilalamika kwamba saizi 42 inambana, mara nyingi hapo ndipo kosa lilipo. Staa anayetaka ndala zake za namna hii ajue kwamba kila saizi inahitaji kalibu lake, la kushoto na la kulia, na kwamba gharama za makalibu huja kabla jozi ya kwanza haijauzwa. Mkataba na kiwanda useme nani anayamiliki na yatakaa wapi oda ikiisha. Usiposema, miezi sita baadaye utaona ndala zako mtaani kwa nusu ya bei, zikiwa zimetoka kwenye makalibu yaleyale uliyoyalipia.

Kwa fulana na sweta mambo ni mepesi kidogo. Viwanda vingi vya China hutaka malipo ya awali ya asilimia 30 na salio kabla ya mzigo kupakiwa, pamoja na idadi ya chini kwa kila rangi. Hiyo idadi ya rangi ndiyo inayowaua wanaoanza. Rangi tano kwa saizi tano ni aina 25 za kuhesabu ghalani. M na L za nyeusi zitaisha wiki ya kwanza, na pesa yote italala kwenye XS ya machungwa. Anza na rangi mbili. Agiza sampuli, ifue mara tano kwa maji ya moto, pima urefu kabla na baada, halafu ndipo ulipe hiyo asilimia 30.

Alama ya biashara isajiliwe kabla ya picha ya kwanza kuwekwa mtandaoni. Mavazi, viatu na kofia viko daraja la 25 la orodha ya kimataifa ya alama; huduma za duka ni daraja la 35, na wengi hulisahau. Tanzania Bara unaenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ambako usajili wa kwanza hudumu miaka 7 na kuhuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, na usajili wa Bara haukulindi Forodhani. Kenya ofisi ya usajili ni KIPI, na usajili hudumu miaka 10. Muundo wa kiatu au begi husajiliwa peke yake, na ukishauonyesha hadharani kabla ya kuusajili unaweza kupoteza haki hiyo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Halafu ule mkataba wa staa na mwenye mtaji. Mimi ningeweka jina, miundo na makalibu vyote ndani ya kampuni moja wanayoimiliki wote wawili, na ningeandika mapema kanuni ya bei ambayo mmoja atamnunua mwenzake wakivunja. Kifungu cha mwenendo kiwabane wote: staa akichafua jina, na mwenye mtaji akikamatwa na bidhaa mbovu au kodi isiyolipwa. Kifungu kinachorukwa karibu kila mara ni cha mzigo uliobaki. Kiseme, kwa mfano, kwamba baada ya kuvunja kuna miezi sita ya kuuza vilivyomo ghalani. Kwamba mrabaha katika muda huo utalipwa kwa asilimia fulani au utaenda mahali fulani. Kwamba oda zilizoanza kushonwa zitapokelewa, zisizoanza zifutwe. Na nani atalipia kodi ya ghala mwezi wa saba.